Zeze Mahali pa Yeye: Kompyuta Niliyorudi Nayo kutoka Ujerumani

Siku ya kumi ya mafunzo yangu Ujerumani, kompyuta mpakato niliyokwenda nayo ilikataa kuwaka, na kazi iliyobaki haikuwa ya kusubiri nirudi nyumbani. Jioni hiyo niliingia katika duka la vifaa vya elektroniki, nikachagua mashine kwa kuangalia prosesa, kumbukumbu na ukubwa wa skrini, nikalipa. Vidole vyangu havikugusa kibodi hata mara moja, na kosa hilo limenifuata mpaka leo.

Usiku, chumbani, niliandika aya ya kwanza bila kutazama vitufe, kama nilivyozoea. Nilipoinua macho nilikuta “yeye” amegeuka “zeze”, “mzazi” amekuwa “myayi”, na ng'ombe maskini ameota herufi yenye nukta mbili kichwani: “ngäombe”. Katika kibodi ya Kijerumani, Z hukaa safu ya juu kati ya T na U, na Y husukumwa hadi safu ya chini upande wa kushoto, kwa kuwa Wajerumani huihitaji kwa nadra. Sisi tunaoandika Kiswahili hatuna siku ya kuipumzisha. Ritifaa nayo, ambayo bila hiyo hatuwezi kutenganisha “ng'oa” na “ngoa”, imehamishiwa jirani na Enter na haitoki mpaka ubonyeze Shift. Nilibadili mpangilio kwenye programu endeshi kwa dakika chache tu, lakini hatua hiyo hubadili kinachoandikwa kwenye skrini, haifuti kilichochapwa juu ya vitufe. Isitoshe, Shift ya kushoto ni fupi, na kando yake pamechomekwa kitufe cha ziada ambacho kidole changu kidogo kilikuwa kikikiangukia kila nilipotaka herufi kubwa.

Kesho yake nilirudi dukani. Muuzaji alinieleza kwa upole kwamba kibodi ya mpangilio mwingine ingeagizwa, ila ingefika baada ya mimi kuondoka. Hata hivyo, alipoona pasipoti yangu, alinijazia fomu ambayo sikuwa nimeijua. Kodi ya ongezeko la thamani huko ni asilimia 19, na mtu anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kudai irudishwe, mradi bidhaa itoke naye kabla ya kwisha kwa mwezi wa tatu baada ya ule alionunulia. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu nilisahau kwamba kodi hiyo hupigwa juu ya bei ambayo bado haijaongezwa kodi. Ukigawa 19 kwa 119 unapata takribani asilimia 16 ya fedha uliyolipa, na humo bado anayeshughulikia marejesho hukata chake.

Chaja haikunisumbua. Mgongoni mwake imeandikwa volti 100 hadi 240 na hezi 50 au 60, maana yake inakubali umeme wa karibu kila nchi, na waya unaoingia ukutani huchomoka, hivyo ilinibidi kutafuta waya mwingine tu wenye plagi inayofaa. Waranti ndiyo ningeisoma mapema zaidi: baadhi ya watengenezaji huihudumia popote duniani, wengine huifunga ndani ya eneo mashine ilikouzwa.

Katika uwanja wa ndege wa Frankfurt nilianzia forodhani, kompyuta ikiwa mkononi, kwani ofisa ana haki ya kuiona bidhaa yenyewe kabla ya kugonga muhuri. Niliiweka katika begi la ndani ya ndege pia kwa sababu ya betri: lithiamu ikishika moto, wahudumu wanaweza kuufikia moto huo kabatini, si shimoni mwa mizigo. Betri yangu ni ya wati-saa 52, na kiwango kinachoruhusiwa bila kuomba kibali ni 100.

Ndani ya ndege, abiria wa kiti cha pili alinishauri nitupe boksi, nibandue vibandiko na kusema mashine ni ya zamani, nimeondoka nayo nyumbani. Ushauri wa namna hii hutolewa bure, na aliyeutoa hayupo unapohojiwa. Tena ningewezaje kusema hivyo, hali fomu yenye muhuri wa forodha inasema ninaitoa Ulaya?

Nilipowasili nilipita mlango wa wenye mali ya kutangaza. Ofisa, mama mmoja mwenye miwani, aliifungua kompyuta, akainama juu ya kibodi, akapitisha kidole kutoka Q hadi Z.

“Mwanangu,” aliniuliza, “hizi herufi ulizing'oa ukazirudisha vibaya, au ndivyo ulivyouziwa?”

Nikamkabidhi risiti.