Siku mbili za kuing'oa programu ya michoro na kuirudisha

Programu nilikuja kuifungua siku ya kumi na mbili baada ya kompyuta kupandishwa Windows 11. Ikaonyesha nembo yake, ikazunguka kidogo, ikapotea. Hakuna ujumbe, hakuna mlio. Nikabofya tena, ikapotea tena.

Mimi ni mchoraji wa barabara na mifereji katika ofisi ndogo ya wahandisi hapa Morogoro. Mwenye ofisi ndiye aliyetaka tuhame, na alikuwa na sababu: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na michoro ya wateja yote imo kwenye laptopu hizi. Yangu ilikidhi vigezo, prosesa ya kizazi cha nane na chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa hiyo Ijumaa moja jioni niliiacha ijisasishe yenyewe. Jumamosi nikajaribu barua pepe, nikajaribu Word, nikaridhika. Programu ya michoro, ambayo ndiyo inayonilisha, sikuigusa. Jumatatu nikaenda saiti, nikakaa huko wiki nzima na ushee.

Ukishapandisha toleo, Windows inakuwekea siku kumi za kurudi ulikotoka. Zikipita, folda ya Windows.old inafutwa na mlango umefungwa. Mimi nilichelewa kwa siku mbili.

Jina la programu sitalitaja, maana programu kubwa za uhandisi karibu zote zina tabia hii. Nikafanya ambacho kila mtu angefanya: nikaingia kwenye mipangilio, nikaiondoa, nikaanza kushusha faili la kusakinisha upya. Gigabaiti saba. Bando la ofisi lisingetosha mchana, nikaacha likishuka usiku. Asubuhi nikaanza kusakinisha, mstari wa kijani ukatembea vizuri hadi karibu na mwisho, kisha ukaanza kurudi nyuma. Ukiona mstari unarudi nyuma, jua mambo yameharibika. Likatokea kosa namba 1603.

Namba hiyo ni kama daktari kukwambia "unaumwa". Maana yake usakinishaji umeshindikana, basi, wala haisemi kwa nini. Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo akanisogelea. "Kaka, si tupige tu format tuanze upya?" Nikamwambia, mdogo wangu, humu ndani mna miaka sita ya kazi, tuiache hiyo iwe dawa ya mwisho.

Kilichonisaidia ni kusoma kumbukumbu za usakinishaji. Mara nyingi huandikwa kwenye folda ya muda: unabonyeza kitufe cha Windows na R, unaandika %temp%, unapanga faili kwa tarehe, unatafuta lile linaloanzia na MSI. Ukilifungua kwa Notepad unakutana na maelfu ya mistari ya kutisha. Usisome yote. Tafuta maneno "return value 3". Pale ndipo mambo yalipokwama, na sababu huwa mistari michache juu yake. Kwangu juu yake palikuwa na kosa 1921: kuna huduma, yaani programu inayofanya kazi chinichini, imeshindwa kusimamishwa.

Huduma ipi tena, na programu nimeshaiondoa? Nikafungua services.msc, orodha ya huduma za Windows, nikateremka polepole, nikaikuta: huduma ya leseni ya toleo la zamani, iko palepale, imeandikwa "Running". Mwenye nyumba kahama, mlinzi bado yuko getini anazuia mpangaji mpya.

Nikafungua dirisha jeusi la amri kwa haki za msimamizi, nikaandika sc stop na jina la huduma, ikagoma. Nikauua mchakato wake kwenye Task Manager, kisha nikaandika sc delete. Jibu likasema imefanikiwa. Nikarudi kwenye orodha, bado ipo! Nikarudia amri, safari hii nikaambiwa huduma imeshawekewa alama ya kufutwa. Nilizunguka hapo karibu nusu saa kabla ya kugundua kuwa kinachoishikilia ni lile dirisha la huduma nililoliacha wazi kuichungulia. Nikalifunga. Ikaondoka.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kuiondoa programu kweli kweli, maana kilichokuwa kimeondoka mwanzoni ni kile kinachoonekana tu. Mabaki yalikuwa sehemu nne. Folda yake ndani ya Program Files, karibu tupu. Nyingine ndani ya ProgramData, ambayo imefichwa na huioni mpaka uruhusu vitu vilivyofichwa vionekane. Nyingine mbili ndani ya AppData ya mtumiaji, moja Local na moja Roaming. Na funguo zake kwenye rejista, daftari ambamo Windows inaweka mipangilio yake, upande wa HKEY_LOCAL_MACHINE na upande wa HKEY_CURRENT_USER, chini ya Software.

Hapa nina desturi moja: sifuti. Nabadilisha jina. Folda ya Roaming nikaiita jina lake na "_zamani" mwishoni, na zile nyingine hivyo hivyo. Programu mpya haitaliona jina hilo, itajitengenezea folda yake, nami nikikuta nimepoteza kitu najua kilipo. Rejista haina upole huo, kwa hiyo nilitengeneza kwanza sehemu ya kurejeshea mfumo, kisha kila ufunguo nikauhamishia kwenye faili kwa Export kabla ya kuufuta. Tena niligusa tu zile zenye jina la programu yenyewe. Zenye jina la kampuni peke yake niliziacha, kwa sababu kuna programu nyingine ya kampuni hiyohiyo ninayoitumia na ilikuwa nzima.

Kuna folda nyingine ambayo watu huifuta wakitafuta nafasi ya diski: Installer, iliyofichwa ndani ya folda ya Windows. Usiiguse. Humo ndimo Windows inamotunza nakala inazozitegemea kuondoa na kurekebisha programu. Ukiifuta leo huoni kitu, utakuja kulia siku ya kutaka kuondoa kitu.

Kisha nikaiwasha kompyuta upya, na ninamaanisha Restart. Kuzima na kuwasha si kitu kilekile kama Fast Startup inafanya kazi, kwa sababu Windows ikizimwa hivyo inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuamka nayo. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa.

Usakinishaji wa pili ulichukua dakika arobaini na ukafika mwisho. Nikafungua programu, ikafunguka, ikaniomba leseni. Nikaingiza namba. Ikakataa: leseni hii tayari inatumika kwenye kompyuta nyingine. Kompyuta hiyo nyingine ni hii hii, kabla sijaiondoa programu. Nilipaswa kuirudisha leseni kwanza, kuna kitufe chake kabisa ndani ya programu. Ila kitufe hicho kiko ndani ya programu isiyofunguka, kwa hiyo hata ningekikumbuka kisingenisaidia. Ningekikumbuka kabla ya ile Ijumaa, hapo sawa. Nikawaandikia wauzaji, wakaiachia kesho yake saa nne asubuhi.

Wakati nasubiri nilirudi kwenye ile folda ya "_zamani". Nikachukua mitindo ya kuchapia, kiolezo chenye fremu ya ofisi, vialama vya kalvati nilivyochora mwenyewe, na vijiprogramu vifupi vinavyoniandikia cheneji, yaani umbali kutoka mwanzo wa barabara, kila mita ishirini. Mipangilio ya mtumiaji sikuirudisha, kwa kuwa sikuwa na hakika kama si yenyewe iliyoiangusha programu mwanzoni. Kupanga upya vitufe na rangi kulinila saa moja, naona ni bei ndogo.

Leseni ilipokubali nikafungua mchoro wa kalvati uliokuwa unasubiriwa. Maandishi ya kwenye fremu yalikuwa alama za kuuliza tupu, fonti yetu haikuwemo. Nikaitoa kwenye folda ya zamani, nikaiweka mahali pake, yakasomeka. Nikabofya nukta ya kwanza ya kipimo kuangalia kama ramani imekaa kwenye zoni 37 Kusini ya mfumo wa ramani wa UTM: mashariki laki tatu na hamsini na mbili elfu, kaskazini milioni tisa laki mbili na arobaini na sita elfu. Morogoro ilikuwa mahali pake.

Plota, mashine yetu ya kuchapia michoro mikubwa, ikatoa karatasi ya A1. Injinia akaichukua ikiwa bado na joto, akaiegemeza dirishani, akaikagua kimya kutoka kona hadi kona. Nikasubiri hata neno moja kuhusu siku mbili zangu.

"Tarehe hapa chini," akasema, "ni ya mwezi uliopita."