Siku Moja Maishani Mwangu: Kurasa Nane za Picha Zilizoshinda

Saa 12:30 asubuhi

Kazi ya mhariri wa picha huenda vizuri zaidi kabla simu hazijaanza kuita. Leo nina kurasa nane za jarida, zote kwa ajili ya picha zilizopata ushindi katika mashindano makubwa ya kimataifa ya upigaji picha, na ni lazima ziwe zimetoka mezani kwangu kabla ya saa 3:00 usiku. Nimewasha kompyuta, nimesubiri skrini itulie mwanga wake, kisha nimezipanga picha zote kwa ukubwa mdogo kabisa, nyingi kadiri zinavyoweza kuenea mbele ya macho kwa mara moja. Sisomi jina la mpigapicha wala maelezo. Picha inapokuwa ndogo kiasi hicho, habari yake hufifia na kinachobaki ni umbo tu: mwanga umeangukia wapi, jicho linaingilia wapi na linatokea wapi.

Waamuzi wa mashindano nao hupita katika hali inayofanana na hii, ingawa mzigo wao ni mkubwa kuliko wangu mara nyingi sana. Shindano la picha za wanyamapori la Wildlife Photographer of the Year, ambalo huendeshwa na jumba la makumbusho la Natural History Museum la London na ambalo lilianza mwaka 1965, lilipokea mwaka 2025 picha zaidi ya 60,000 kutoka nchi na maeneo 113, na majaji wake huzitazama bila kuambiwa nani amepiga ipi. Napenda utaratibu huo. Jina kubwa likiondolewa, picha hubaki ikijitetea yenyewe.

Saa 2:15 asubuhi

Sasa nazifungua moja moja kwa ukubwa wake kamili, na ya kwanza kunishika ni ile ya Yasuyoshi Chiba, iliyopigwa Khartoum tarehe 19 Juni 2019 na kutangazwa mwaka 2020 kuwa Picha ya Mwaka ya World Press Photo, shindano la picha za habari ambalo makao yake ni Amsterdam na ambalo limekuwapo tangu mwaka 1955. Kijana amesimama katikati ya wenzake akikariri shairi la maandamano ya kudai utawala wa kiraia. Umeme umekatika mjini, na taa pekee inayomwangaza ni mwanga wa simu ambazo wenzake wamemwelekezea. Kiganja chake kimekaa kifuani, kinywa kiko wazi katikati ya neno, na nyuso zinazomzunguka hazimtazami mpigapicha hata kidogo, zinamsikiliza mwenzao.

Nimeikuza hadi nikaona mpaka wa mwanga na giza juu ya nyuso za walio pembeni. Chiba hakuleta taa yake. Kama angewasha mmweko wa kamera, angewaangaza watu wote sawasawa, na kisa chote kingepotea, kwa sababu kisa chenyewe ni kwamba watu walionyimwa umeme wamejitengenezea mwanga na wameuelekeza kwa mshairi. Hapa uamuzi wa kiufundi na uamuzi wa kumheshimu anayepigwa picha ni kitu kimoja.

Ya pili iliyonichukua muda ni ya Mads Nissen wa Denmark, iliyoshinda taji hilohilo mwaka 2021. Ilipigwa São Paulo, Brazili, tarehe 5 Agosti 2020, katika makao ya wazee yaliyokuwa yamefungwa kwa wageni tangu Machi kwa sababu ya korona. Bibi wa miaka 85 anakumbatiwa na muuguzi kupitia pazia la plastiki lililotengenezwa maalumu kwa ajili hiyo, na hilo lilikuwa kumbatio lake la kwanza katika miezi mitano. Kingo za pazia hilo ni za manjano, na plastiki imejikunja ikafanana na mabawa ya kipepeo. Watu wengi huyaona mabawa kwanza. Mimi nawaomba wasomaji wangu waangalie pia mikunjo midogo ya plastiki, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotuambia jinsi walivyobanana kwa nguvu.

Saa 4:00 asubuhi

Kikao cha wahariri kimekuwa kifupi kwa mambo yote isipokuwa jalada. Mhariri mkuu anataka chui milia wa Sergey Gorshkov, mshindi wa Wildlife Photographer of the Year wa mwaka 2020, na hoja yake si dhaifu. Katika msitu wa hifadhi ya Land of the Leopard, mashariki ya mbali ya Urusi, chui milia jike ameukumbatia mti mkubwa na kusugua shavu lake kwenye gome ili aache harufu yake, na jua la chini limempaka rangi ya dhahabu yeye pamoja na moss iliyoota shinani. Gorshkov alitegesha kamera zenye vihisi vya mwendo na akasubiri zaidi ya miezi 11 kuipata fremu hiyo.

“Hii itauza jarida,” amesema.

“Itauza, mama, lakini wasomaji wamekwisha kuiona mara nyingi,” nimemjibu. “Yule kijana wa Khartoum hawajamtazama vya kutosha.”

Tumekubaliana kwamba nitaandaa majalada mawili na uamuzi utafanyika jioni, picha zikiwa zimechapwa kwenye karatasi. Nimeridhika na hilo, kwa sababu picha ya giza ina tabia yake karatasini, na kuibishania kwenye skrini ni kupoteza wakati.

Saa 5:00 asubuhi

Saa hii ni ya uhakiki, nayo ndiyo sehemu ya siku ambayo wasomaji hawaioni. Kwa kila picha nahitaji kujua ilipigwa wapi, lini, katika mazingira gani, na ikiwa kuna pingamizi lolote lililowahi kutolewa dhidi yake. Ushindi peke yake hautoshi kuwa dhamana. Mwaka 2009 picha ya mbwa mwitu akiruka lango la mbao usiku, iliyopigwa na José Luis Rodríguez, ilitwaa taji la Wildlife Photographer of the Year. Mwanzoni mwa mwaka 2010 waandaaji walimvua mshindi taji hilo baada ya kufikia uamuzi kwamba huenda mnyama yule alikuwa amefugwa na kufundishwa, ingawa mpigapicha mwenyewe alikanusha. Nimeitazama tena picha ile leo. Haijabadilika hata pikseli moja tangu ilipopongezwa: mruko ni uleule, mwanga ni uleule. Kilichobadilika ni imani yetu kwamba tunamwona mnyama wa porini akiwa katika mambo yake mwenyewe, na imani hiyo ilipoondoka, uzuri wa picha haukuwa na cha kuegemea.

Ndiyo maana mashindano mengi siku hizi humtaka mpigapicha anayekaribia kushinda awasilishe faili ghafi kama lilivyotoka kwenye kamera, likalinganishwa na picha aliyoileta. Katika World Press Photo ya mwaka 2015, takriban asilimia 20 ya picha zilizokuwa zimefika raundi ya kabla ya mwisho ziliondolewa baada ya ulinganisho wa namna hiyo. Idadi hiyo ilinishtua nilipoisoma kwa mara ya kwanza na bado inanishtua, kwa maana hao hawakuwa wanafunzi wanaojaribu bahati, bali watu waliokwisha kuwapita maelfu ya wenzao. Mwaka huohuo mshindi mmoja alipokonywa zawadi kwa sababu picha aliyodai kuwa ya Charleroi, Ubelgiji, ilikuwa imepigwa Molenbeek, mjini Brussels. Picha yenyewe haikuguswa. Maelezo yake ndiyo yaliyokuwa ya uongo, na nakubaliana kabisa na adhabu ile.

Kisha likaja suala la akili unde. Mwaka 2023 Boris Eldagsen wa Ujerumani alichaguliwa mshindi wa kundi la ubunifu katika shindano la wazi la Sony World Photography Awards, akaikataa zawadi na kueleza kwamba picha aliyoileta ilitengenezwa kwa akili unde, na kwamba alitaka kuona kama mashindano yamejiandaa. Picha hiyo haitaingia katika kurasa zangu. Naiheshimu hoja yake, lakini hapakuwa na mtu mbele ya lenzi, na kurasa hizi ni za watu na viumbe waliokuwapo.

Saa 8:00 mchana

Nimekaa muda mrefu na picha ya Karamoja. Mike Wells, mpigapicha wa Uingereza, aliipiga Uganda mwaka 1980 wakati wa njaa kali: mkono wa mtoto, mdogo na uliokauka hadi mifupa kuonekana, umelazwa juu ya kiganja kilichonona cha mmisionari. Hakuna nyuso. Hakuna mandhari. Ni viganja viwili tu, na tofauti kati yao inatosha kumnyima mtu usingizi. Ilishinda World Press Photo. Wells mwenyewe alieleza kwamba hakuiingiza yeye katika shindano na kwamba hakupenda kushinda kwa picha ya mtu anayekufa kwa njaa.

Ni picha yenye nguvu kupita kiasi, na nguvu hiyo ndiyo inayonipa shida. Katika maelezo ninayoyafahamu, mtoto ni “mvulana” tu na mtu mzima ni “mmisionari” tu. Ninapoiweka mezani kando ya picha ya São Paulo, ambayo maelezo yake yanataja majina ya wanawake wote wawili, umri wa bibi na siku ya tukio, naona jinsi mtoto wa Karamoja alivyogeuzwa kuwa alama ya njaa kabla hajatambuliwa kuwa mtoto wa mtu fulani. Sidai kwamba Wells alikosea kuipiga. Dunia ilihitaji kuijua njaa ile, na bila picha wengi wasingeijua. Ninachokataa ni kuitumia kama pambo la kuwashtua wasomaji kati ya chui milia na picha nyingine za wanyama.

Nimeamua itoke, lakini ikae kwenye ukurasa wake, kwa ukubwa wa wastani, ikiwa na aya nzima chini yake inayoeleza njaa ile na msimamo wa aliyeipiga. Hiyo imenilazimu kuondoa picha nyingine nzuri ya bahari, na sijutii.

Saa 9:45 alasiri

Nimeketi na msanifu wa kurasa. Picha ya Warren Richardson, mshindi wa World Press Photo wa mwaka 2016, imemsumbua: ni nyeusi na nyeupe, ina chembechembe nyingi, na umakini wake wa lenzi umelegea. Mtu anapitisha mtoto mchanga chini ya seng’enge za wembe katika mpaka wa Serbia na Hungaria, usiku wa Agosti 2015.

“Kaka, niisafishe kidogo hizi chembe?” ameniuliza.

“Iache ilivyo,” nimemwambia, nikamweleza sababu. Richardson alipiga kwa mwanga wa mbalamwezi kwa kuwa mmweko mmoja tu ungewaonyesha polisi mahali watu wale walipo. Ukungu ule ni ushahidi wa giza walimopita, na anayeuondoa anaondoa sehemu ya habari.

Shida nyingine ilikuwa mkunjo wa kurasa mbili. Picha ya John Stanmeyer inawaonyesha wahamiaji usiku katika pwani ya Jibuti, wakiwa wameinua simu zao juu chini ya mwezi ili wanase mtandao wa bei nafuu kutoka Somalia. Tulipoitandaza, mmoja wa watu wale alimezwa na mkunjo. Kuikata upande mmoja kungewapunguza waliosimama, nami sikubali kumwondoa mtu kwenye fremu kwa sababu ya gundi ya kitabu. Tumeipunguza ikakaa ukurasa mmoja, ikiwa kamili.

Saa 11:30 jioni

Maelezo ya picha. Kanuni yangu ni kwamba sentensi ya kwanza iseme nani, wapi na lini, na sentensi ya pili iseme kile ambacho jicho haliwezi kukijua lenyewe. Kwa picha ya Wim van den Heever, iliyoshinda Wildlife Photographer of the Year mwaka 2025, jicho linaona fisi amesimama mbele ya nyumba iliyochakaa katika ukungu wa usiku. Haliwezi kujua kwamba huyo ni fisi wa kahawia, aliye adimu kuliko fisi wote. Kwamba mahali hapo ni Kolmanskop, Namibia, mji wa wachimba almasi uliohamwa. Wala kwamba mpigapicha alitegesha kamera hapo akifuata nyayo alizoziona miaka kumi kabla. Msomaji akishayajua hayo, hurudi kuitazama upya, na kurudi huko ndiko ninakokufanyia kazi siku nzima.

Saa 1:50 usiku

Karatasi za majaribio zimetoka. Chui milia anapendeza kama tulivyotarajia. Kijana wa Khartoum, kwa upande wake, alitoka mweusi mno mara ya kwanza, nyuso za pembeni zikawa zimezama, na ilibidi nimwombe fundi wa uchapaji apunguze wino mweusi kwenye vivuli bila kugusa uso wa kati. Karatasi ya pili imeurudisha ule mpaka wa mwanga niliouona asubuhi. Mhariri mkuu ameziweka zote mbili ukutani, akarudi nyuma hatua kadhaa, akauliza kama jina la Chiba limeandikwa sawasawa, kisha akatia saini kwenye jalada la Khartoum. Chui milia amekwenda ukurasa wa tatu, akiwa mkubwa wa kutosha kuonyesha kila unyoya wa shavuni.

Nimetuma kurasa zote nane kiwandani saa 2:35 usiku, pamoja na maagizo ya maandishi kwamba picha ya Richardson isinolewe wala kuongezewa mwanga.