Seva ilikuwa inateswa bure
Jamani seva yetu (kompyuta kuu ya ofisi) hapa Kampala ilikuwa inalia kila asubuhi, memori giga 16 imejaa hata saa 4 haijafika, kumbe watu 12 wote tunaingia humo kwa rimoti, yaani kupitia mtandao toka kwenye kompyuta zetu, kutumia programu ya mahesabu, na kila mmoja anafunguliwa desktopu yake nzima hukohuko, brauza na Excel juu yake, mwingine anacheki mpira humohumo (nakujua wewe). Wiki jana tukaweka programu hiyo kwenye kompyuta ya kila mtu, seva ikabaki na databesi tu (data zenyewe), sasa inapumua. Ila wenzetu wa Gulu wamegoma, mtandao wao mzito, programu inaenda na kurudi kuuliza databesi vitu mia mpaka ripoti inaganda, kwao bora rimoti, maana hapo inapita picha ya skrini tu. Hao tumewaachia rimoti yao.