Wanasayansi gani?

Wiki hii wifi kajifungua salama, ofisini tumehamishiwa jengo jipya, na bado kinachonirudia kila nikiweka kichwa kwenye mto ni maneno mawili ya Kito. Alikuwa amekaa sakafuni anachonga penseli, maganda yanamwangukia kwenye daftari. Akauliza nani aliyepima hewa mpaka ikajulikana kuwa dunia inazidi joto. Nikajibu, "Wanasayansi." Bila kuinua uso: "Wanasayansi gani, shangazi?"

Nikamwambia nenda kaoge.

Hakununa. Alifunga daftari akaenda, na huko kutii kwake ndiko kunakoniuma. Mimi ninayemhimiza kila siku apande miti, sikuwa na jina hata moja.

Usiku ule nikaanza kusoma. Eunice Foote, Mmarekani, 1856: mitungi ya kioo, vipimajoto na jua, basi. Mtungi wenye kaboni dioksidi ulipata joto kuliko ule wa hewa ya kawaida, na ulipotolewa juani ulichelewa mno kupoa. Kisha Charles Keeling, aliyeanza kupima hewa mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958. Wakati huo kila molekuli milioni za hewa zilikuwa na kama 315 za kaboni dioksidi. Sasa zimepita 420. Mchoro wake una meno kama msumeno, kwa kuwa mimea ya kaskazini ikichipua mstari hushuka, ikipukutisha majani hupanda. Niliutazama hadi macho yakalengwa na machozi. Dunia inapumua, na kila pumzi inaanzia juu kuliko ya mwaka jana.

Jumamosi nikamwomba Kito radhi, nikamsimulia yote. Akasikiliza, halafu: "Na sisi tunapima nini?"

Tukaamua kupima mvua: tukakata chupa ya plastiki, tukapindua shingo yake iwe faneli, tukabandika rula ubavuni. Nikamweleza kwamba wastani wa tabianchi hupigwa kwa miaka 30, kwa hiyo chupa yetu inataka subira. Akahesabu vidole. "Nitakuwa na miaka 39. Daftari halitatosha."

Siku tatu mfululizo ameandika sifuri, kwa mwandiko wake mzuri kabisa, maana sifuri nayo ni kipimo. Leo alfajiri nimesikia matone, nikamkuta keshatangulia nje, kachuchumaa mbele ya chupa: milimita 4.

Mama hapokei simu tangu jana mchana. Ngoja nijaribu tena.