Namba ya ndoana, ndizi, na samaki wa sharubu nne

Mara tano nilirudi kutoka Mto Trent, huku Uingereza, mikono mitupu kabla sijamwona babeli wangu wa kwanza, na mara zote tano nilikuwa na cha kusingizia. Siku moja maji yalikuwa tope tupu, nyingine yameangaza mno, nyingine upepo. Mara ya tano nikajiambia nina mkosi tu, basi. Mimi nilikulia kwenye mshipi wa mkono, baharini, na marehemu babu yangu akiulizwa njiani "unakwenda wapi?" alikuwa radhi ageuze arudi nyumbani kuliko kuingia chomboni na swali hilo mgongoni. Kwa hiyo mkosi ni jibu linalonijia bila kuitwa. Kumbe tatizo lilikuwa ndani ya kijisanduku changu cha ndoana.

Samaki mwenyewe Waingereza humwita barbel. Nilipomwambia dada yangu kwenye simu kwamba siku hizi navua babeli, alinyamaza kidogo, kisha akauliza mnara umeingiaje. Ni samaki wa mtoni, mrefu, rangi ya shaba, mwenye nguvu zisizolingana na umbo lake. Mdomo uko chini ya pua, kama umewekwa makusudi kwa kufagia sakafu. Ana sharubu nne, mbili mbele puani na mbili kwenye pembe za mdomo, na kwa hizo hupapasa changarawe hata kwenye giza. Tayani hana meno. Meno yake yako kooni, na huko ndiko anakosagia konokono na vitu vigumu. Hilo la kufyonza kwanza na kusaga baadaye lishike, maana ndilo lililoniadhibu: babeli akifyonza kitu asichokielewa hukitema palepale, na wewe ukingoni hujui kama aliwahi kuja.

Mambo ya sheria nayapitia haraka. Huku England, kila mwenye miaka 13 na zaidi anahitaji leseni ya fimbo kutoka Wakala wa Mazingira, na mitoni huvui samaki kama babeli kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, ili wapate kutaga. Juni 16 ndiyo sikukuu yetu. Wapo wasiolala usiku wake.

Sasa ndoana. Namba zake zinakwenda kinyumenyume, na hakuna aliyeniambia. Namba 16 ni kidude cha kushika kwa ncha za kucha, namba 6 ni ndoana ya heshima, na ukishafika 1 hesabu inaanza upya kwa mkwaju: 1/0, 2/0, 3/0, zikizidi kuwa kubwa. Mimi nimetokea upande huo wa mikwaju. Halafu watengenezaji wenyewe hawapatani, namba 10 ya huyu unaweza kuiweka juu ya namba 8 ya yule zikalingana. Siku hizi naangalia upana wa mdomo wa ndoana, yaani nafasi kati ya ncha na shina, kabla ya kuangalia namba iliyoandikwa kwenye pakiti.

Kosa la kwanza lilikuwa la fikra: nilichagua ndoana kwa kumfikiria samaki. Babeli ni mkubwa, basi nipe namba 4. Nikafungia peleti ya milimita 8, yaani punje ngumu ya chakula cha samaki, kwenye lile dude, ikawa kama mtoto aliyevikwa koti la baba yake. Ncha ya fimbo ilitetemeka mara mbili tatu jioni nzima, ikatulia. Leo naamini walikuja, wakafyonza, wakakutana na chuma kingi kuliko chakula, wakatema.

Safari iliyofuata nikaruka upande wa pili, na hii nakumbuka kila kitu. Nilikata mchemraba wa nyama ya kopo, upana wa kidole gumba, nikaudidimiza kwenye namba 12. Ndoana yote ikazama kwenye nyama, sikuona hata ncha. Nikaona nimefanya ujanja, samaki hataona kitu. Yapata saa tatu usiku, wakati mbingu za kiangazi bado zina mwanga, fimbo ilipinda ghafla mpaka ikataka kuruka kutoka kwenye panda. Nikaishika. Nikahisi uzito hai, mzito, kama mtu anayekuvuta mkono gizani, kwa sekunde mbili hivi. Kisha mshipi ukalegea. Nilipouvuta, nyama ilikuwa bado ipo, imefinywa upande mmoja, na ndoana imetulia katikati yake. Ncha haikuwahi kutoka nje. Nilikuwa nimemlisha tu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ndoana inapimwa kwa chambo, na chambo ndicho kinachopimwa kwa samaki, maji na msimu. Chambo laini kama nyama kinahitaji ndoana ambayo ncha yake inachungulia nje baada ya kupita katikati. Kwa mchemraba wa milimita 15 nafunga namba 6 au 8. Nyungunyungu mnene, namba 8. Funza, watatu au wanne kwa pamoja, namba 14, na hapo ujue utawalisha samaki wadogo wa mto mzima kabla babeli hajafika. Peleti ya milimita 8, namba 10. Maji yakiwa madogo na maangavu nashuka hadi 12, lakini kwa 12 sinunui waya mwembamba tena. Niliwahi kununua, na safari moja ilirudi imenyooka kama sindano ya kushonea magunia. Babeli hutafuta chini, hujibana na mkondo, na chuma dhaifu hukipa jibu palepale.

Peleti zina tatizo lake. Ni ngumu, huwezi kuichoma kwa ndoana bila kuipasua. Dawa yake ni ule mtindo uliotoka kwa wavuvi wa karpu, samaki mwingine wa maji baridi, wa kuning'iniza chambo kwenye uzi mfupi unaotoka nyuma ya ndoana. Wenyewe wanauita unywele. Peleti inatobolewa kabla, unapitisha uzi kwa sindano yenye kikulabu, unazuia na kijiti cha plastiki kisichozidi punje ya mchele. Ndoana inabaki uchi kabisa, na hii iliniudhi mwanzoni, maana babu angesema unamwonyesha mwizi mlango. Ila inafanya kazi kwa sababu ya ule mdomo: samaki anafyonza peleti, ndoana inafuata, anapotema peleti inatoka mbele na ncha inamshika mdomo wa chini. Urefu wa unywele ndio nimehangaika nao kuliko namba. Mrefu mno, chambo kinatoka na ndoana haijaingia. Mfupi mno, peleti inaziba mdomo wa ndoana. Naacha nafasi ya milimita tatu au nne kati ya peleti na mkunjo wa ndoana, na hapo nimetulia.

Mengi ya haya nilielekezwa na mzee mmoja niliyemkuta ukingoni, chini kidogo ya mji wa Newark. Watu wa sehemu zile humwita kila mtu "bata wangu", kama sisi tunavyosema ndugu yangu, na mimi nikawa bata wake. Ujuzi wake wa ndoana ulikuwa mkubwa, lakini miko yake ilikuwa mikubwa zaidi.

Alikuwa akimwona magpai, ndege wa jamii ya kunguru, mweusi kwa mweupe, yuko peke yake, anamwamkia kwa kugusa kofia na kumuulizia hali ya mkewe. Mmoja ni huzuni, wawili ni furaha, ndivyo wasemavyo Waingereza, kwa hiyo ukimtaja mke unakuwa umewafanya wawili. Upepo ukitoka mashariki alikunja uso tangu asubuhi. Haulizwi amepata wangapi. Na siku nilipotoa ndizi kwenye mkoba alisimama. Alisimama kabisa. "Bata wangu," akasema, "hiyo nenda kaile garini." Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Asili ya mwiko wa ndizi ni vyomboni, baharini, lakini umepanda hadi mitoni na watu wazima wanaushika. Nikaenda garini, nikala ndizi nimefunga mlango, nikijiona mjinga, nikarudi na kukuta amehama hatua kumi.

Miko mingine ilikuwa na kitu ndani yake. Kwa mfano, hakuruhusu wavu mrefu wa kuhifadhia samaki uloweshwe kabla ya samaki wa kwanza, nuksi. Mimi nikaenda mbali zaidi, siubebi kabisa, lakini sababu yangu ni nyingine: mwiba wa mbele wa pezi la mgongoni la babeli una meno kama msumeno, na hunasa kwenye nyuzi za wavu. Ule wa kuopolea unatosha, na uwe na matundu laini.

Mwiko wake mkubwa ulikuwa chai. Akifika, anatupa majini viganja kadhaa vya mbegu za hempu zilizochemshwa (ndiyo, mmea ni ndugu wa bangi, hapana, mbegu zilizochemshwa hazioti wala hazimlevyi samaki), pamoja na peleti kidogo, kisha anakaa. Anawasha jiko. Hagusi fimbo mpaka amalize kikombe cha pili, kwa sababu, alisema, mto hautoi kwa mtu mwenye kiu. Siku ya kwanza nilimcheka moyoni. Mimi nilikuwa nimeshatupa mshipi mara nne, chubwi inapiga maji puu, puu, nikiwa na hakika namtangulia. Lakini ukifikiri, saa nzima ile babeli wanapanda kuja kwenye mbegu, wanapata imani, wanaanza kula bila wasiwasi, na hakuna mshipi wala kishindo cha chubwi juu ya vichwa vyao. Kikombe cha pili kilikuwa na akili. Sijui kama yeye alilijua hilo au alikuwa na kiu tu, na sikumuuliza, maana maswali nayo alikuwa na mwiko nayo.

Safari ya sita ilikuwa Septemba, jioni yenye joto baada ya mvua, mto umepanda kidogo na umekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilikunywa vikombe viwili. Nilimwamkia magpai, kwa Kiswahili, nikamuuliza mama hajambo. Ndoana namba 10, waya mnene, unywele, peleti ya milimita 8, chubwi ya kutosha kushika chini bila kuburutwa. Mwanzo zilikuja zile dono za chabu, samaki mwingine wa mto huo, fimbo inaruka kama inakohoa, na hizo nilishajifunza kuziacha. Babeli hadonoi. Giza lilipoanza kuingia, fimbo ilikwenda mara moja, yote, na rili ikaanza kulia.

Sitaeleza vita, kila mvuvi anaeleza vita. Alikuwa na pauni 7 na aunsi kidogo, kilo tatu na zaidi, na ndoana ilikuwa katikati ya mdomo wa chini, mahali hasa inapotakiwa. Ilitoka kwa kidole. Lakini babeli hupigana mpaka anajimaliza, hasa maji yakiwa ya moto na hewa ndani yake kidogo, na ukimtupa tu mtoni anaweza kugeuka tumbo juu na kufa. Kwa hiyo nilipiga magoti kwenye matope, nikamshika chini ya tumbo, kichwa kikielekea juu ya mto, mkondo umwingie mdomoni. Dakika ya kwanza alikuwa kama gogo. Matamvua yakaanza kufunguka na kufumba, polepole, kisha kwa mpango. Nilisikia baridi ikipanda kwenye viwiko. Baada ya dakika tano au sita mkia ulisukuma mara moja mkononi mwangu, nikafungua vidole, akaenda.

Mzee alikuwa amekuja nyuma yangu bila kishindo. Hakunipongeza. Alitazama maji, akatazama mkoba wangu.

"Hukuja na ndizi," akasema.

Sikuja nayo.