A4 au daftari la kuchorea? Maneno ya muuza karatasi wa Mafinga

Mimi nauza karatasi, kwa hiyo ushauri huu upokee ukijua hilo. Nina steshenari ndogo Mafinga, si mbali na stendi: kopi, kuprinti, bahasha, fomu za kila aina. Wateja wakipungua nachora. Nachora madereva wa malori ya mbao, nachora kina mama wanaosubiri basi la Iringa wamejitanda vitenge mpaka puani kwa baridi. Wanafunzi wakiona michoro iliyobandikwa nyuma ya mashine, swali huwa lile lile: "Dada, ninunue daftari la kuchorea au hizi A4 zinatosha?"

Nami namuuliza, unachorea nini? Akisema peni, tumemaliza. A4.

Peni ya kawaida ina kigololi kwenye ncha, kinazunguka na kupaka wino. Kwenye karatasi yenye mparuzo kinarukaruka, mstari unakatika, na vinyuzi vya karatasi vinaganda kwenye ncha. A4 imelainishwa makusudi, imepitishwa kati ya rola nzito kiwandani, kwa sababu mashine ya kopi inataka karatasi itelezee ndani bila kukwama na unga wa tona ukae sawasawa. Ulaini huo uliotengenezwa kwa ajili ya mashine, mtu wa peni anaupata bure. Kuagiza daftari la bei kutoka Dar kwa parseli ya basi ili ulichoree peni ni kutupa hela, na anayekwambia hivyo ndiye angekuuzia.

Penseli ndiyo yenye maneno. Risasi ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Haizami kama wino, inasagika tu juu ya karatasi. Ikikuta uso wenye vichembe inanasa. Ikikuta A4 inateleza. Kwa HB, penseli ya kawaida ya shule, tofauti ni ndogo. Chukua 4B au 6B, zile laini na nyeusi zaidi, ujaribu kujaza weusi wa nywele: utakandamiza, utarudia, na mwisho utapata kijivu kinachong'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Ukiongeza tena, haiingii. Ukigeukia kifutio, kikipita mara chache sehemu moja nyuzi zinanyanyuka, na penseli ikirudi pale inaacha doa lisilokubali kutoka.

Sasa watu wanadhani dawa yake ni uzito. Mteja anaishika karatasi kwa vidole viwili, anaitikisa, "hii nzito, hii ndiyo yenyewe." Uzito ni kitu kimoja, uso ni kitu kingine. A4 ya kawaida ni gramu 80 kwa mita moja ya mraba. Mita hiyo inatoa A4 16, kwa hiyo kila karatasi ina gramu 5 na rimu ya karatasi 500 ina kilo mbili na nusu. Madaftari mengi ya kuchorea yana kati ya gramu 90 na 160. Uzito huo unasaidia kweli: karatasi haikunjamani ukifuta kwa nguvu, na maka haitokezi upande wa pili. Lakini nina kadi za vyeti hapa, zile zinazong'aa, nzito kuliko daftari lolote la kuchorea nililowahi kuliuza, na penseli inateleza juu yake vibaya kuliko kwenye A4. Pitisha dole gumba taratibu. Kisha inamisha karatasi mwanga uje kutoka pembeni. Ukiona vichembe, lipia. Usipoviona, jalada lisikudanganye.

Huku kwetu kuna na unyevu. Juni na Julai ukungu unaingia hadi dukani, na rimu iliyoachwa wazi inakunywa huo ukungu. Mashine inaitafuna, na HB ukiipitisha inachimba mfereji badala ya kupaka. Rimu hufungwa kwa karatasi yenye tabaka la kuzuia unyevu, usiichane yote. Mimi zilizobaki naziweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kama nauza na unga.

Kwa mwanafunzi wa penseli, basi, nasema hivi: mikono, pua, masikio, vyote vya mazoezi, chorea A4 kwa HB. Hata usinunue. Zilizoprintiwa vibaya nawapa bure wageuze nyuma, ila zenye kopi za vitambulisho vya watu nazichana. Tena A4 ina faida ambayo daftari halina: ni nyembamba. Ukiibandika juu ya mchoro wa kwanza kwenye kioo cha dirisha, jua la asubuhi linakuonyesha mistari ya chini, unarekebisha pua bila kuanza upya uso mzima. Daftari linunuliwe pale kivuli kinapokuwa ndiyo kazi yenyewe.

Lakini mwenye kuchora sura za watu simwachii aondoke bila kumwonyesha karatasi ya kaki, hii hii ya kufunikia madaftari ya shule. Sisi tuna haki ya kuijua. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kiko humu humu Mufindi, na karatasi yake ni ya kaki. A4 nyeupe inakuja kwa meli. Kwenye maboksi nasoma Indonesia, nasoma Afrika Kusini. Tofauti inaanzia kwenye mti: mipaini kama ile ya shamba la miti la Sao Hill ina nyuzi ndefu, karibu milimita 3, milingoti, yaani mikaratusi, ina fupi za kama milimita 1. Ndefu zinashikana, karatasi haichaniki ovyo, kama kaki. Fupi zinalala vizuri, karatasi inakuwa laini, kama A4. Na ule ukahawia wa kaki ni rangi iliyobaki ya mti kwa kuwa haikupaushwa.

Ninachoipendea ni ngozi. Kwenye karatasi nyeupe, sura ya Mhehe au Mbena inabidi uitie giza yote, paji, mashavu, shingo, mpaka mkono uume, na bado ubaki na nafasi ya kivuli cha kweli chini ya kidevu. Kwenye kaki kazi ya katikati imeshafanywa na karatasi. Unaweka giza kwa 4B, unaweka mwanga kwa cheupe kwenye ncha ya pua, kwenye mfupa wa shavu, na sehemu kubwa ya uso huigusi kabisa. Sura inatoka haraka kiasi kwamba dereva anaweza kuondoka nayo kabla lori halijapoa. Tumia upande usiong'aa. Na usiitundike juani, itabadilika rangi.

Cheupe ndiyo shida. Penseli nyeupe nzuri sijaiona Mafinga, natumia chaki ya ubaoni niliyoichonga kwa wembe. Chaki hupukutika, kwa hiyo nikimaliza napulizia spreya ya nywele, nikiwa nje, kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, mara mbili nyepesi. Ukiisogeza karibu inaacha matone, na kwenye kaki matone hayafichiki.