Kuchora Kisu cha Porini: Unene Si Nguvu

Kisu cha kwanza nilichokichora kwa ajili ya kazi za porini kilikuwa na bapa lenye unene wa milimita 6, nami nilikipenda kwa uzito wake kabla sijakitumia hata mara moja. Nilipokinoa na kukitia mpini, kilishindwa na kazi ambayo kisu chembamba cha jikoni huimaliza bila taabu: kila nilipojaribu kuchonga kijiti, makali yaliingia kidogo tu, kisha sehemu nene ya bapa ikakwama na kuupasua mti badala ya kuukata. Hakikuvunjika, ni kweli, lakini mtu aliye mbali na msaada anahitaji kitu cha kumkatia kamba, kumchongea vigingi, kumpasulia kuni na kumwandalia chakula kutwa nzima bila kuuchosha mkono wake, na kutovunjika peke yake hakumtoshi.

Tangu wakati huo naanza na mpini. Naufumba mkono wangu kwenye kipande cha ubao mwembamba, naweka alama pale kidole cha shahada na kidole cha mwisho vinapokaa, kisha nachonga mfano na kuushika kwa muda mrefu, ukiwa mkavu na ukiwa umeloa, hata nikiwa nimevaa glavu. Kwa mikono mingi urefu wa sentimita 11 hadi 12 unafaa. Ukikatwa kwa upana, mpini uwe na umbo la yai na si duara, ili hata gizani kiganja kijue makali yameelekea wapi. Ufutuke kidogo katikati, na mbele uwe na kizuizi kidogo cha kukizuia kidole kisiteleze kufikia makali. Siweki mabonde ya vidole, ingawa najua wanunuzi wengi huyapenda, kwa sababu yanaulazimisha mkono kushika kwa namna moja tu, ilhali kuchonga kunahitaji kushika kwa namna nyingi.

Baada ya mpini ndipo bapa linapofuata, na hapa sizidishi sentimita 12 za urefu wala milimita 4 za unene mgongoni. Mara nyingi 3.5 zinatosha. Jambo muhimu kuliko unene wa mgongo ni namna bapa linavyopungua kuelekea makali. Nalipunguza kwa mteremko ulionyooka kuanzia karibu na mgongo, hadi mahali makali yatakapoanza pabaki kama nusu milimita, kisha nanoa kwa pembe ya takriban nyuzi 20 kila upande. Wapo wanaopendelea mteremko mfupi wa Skandinavia, unaoanzia chini ya nusu ya upana wa bapa na kushuka moja kwa moja hadi kwenye makali. Kwa kuchonga mti sijaona unaoushinda, na kuunoa ni rahisi kwa kuwa mteremko wenyewe ukilazwa juu ya kinoo unauongoza mkono. Hata hivyo makali yake membamba humeguka upesi yanapokutana na mfupa au fundo gumu la mti, na ndiyo maana kwa kisu kimoja cha kazi zote siutumii.

Ncha naishusha kidogo chini ya mstari wa mgongo, ikaribie mhimili wa mpini, ili mtu anapotoboa nguvu ya mkono iende sawasawa na ncha. Mgongo, kwa nusu yake iliyo karibu na ncha, nauacha na kingo kali za pembe mraba, kwa kuwa ndizo zinazokwangua cheche kwenye kijiti cha feroseriamu, yaani kijiti cha metali cha kuwashia moto. Lakini pale dole gumba linapokandamiza nazilainisha kwa msasa. Meno ya msumeno mgongoni nimeyakataa kabisa: hayakati gogo, yanalitafuna gongo tunalogongea wakati wa kupasua kuni, na kila jino ni mahali pa ufa kuanzia.

Nguvu ya kweli naitafuta kwenye msuka, yaani sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini. Uwe kipande kimoja na bapa, uwe na upana wa mpini mzima, ufike hadi mwisho, na vipande viwili vya mpini vishikizwe kila upande kwa ribiti na gundi ya epoksi. Mpini ulio wazi ndani, ule wa kuhifadhia viberiti na ndoana, unaulazimisha msuka uwe mfupi pale hasa mzigo unapokuwa mkubwa. Na pale bapa linapoungana na msuka pasiwe na pembe kali ya ndani hata moja. Niliwahi kukivunja kisu nilichokitengeneza mwenyewe, nikipasua gogo lililokauka, na kilikatika hasa kwenye pembe ya namna hiyo. Sasa kila kona ya ndani naizungusha kwa tupa ya mviringo kabla chuma hakijaona moto.

Kisu hicho kilinifundisha jambo la pili. Ndani ya mvunjiko niliona chembe kubwa zinazometameta kama sukari, ilhali chuma kilichopashwa moto vizuri huonekana cha kijivu, laini kama kitambaa cha mahameli. Nilikuwa nimekipasha moto kupita kiasi, chembe zake zikakua, kikawa kigumu lakini chepesi kukatika. Siku hizi natumia chuma cha 1084, chenye kaboni ya asilimia 0.84 hivi, ambacho kinamvumilia fundi asiye na tanuri la kisasa. Sumaku huacha kukishika kikifikia takriban nyuzi 770 za Selsiasi. Nakipandisha kidogo zaidi, hadi 815 hivi, kisha nakizamisha kwenye mafuta yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Kikitoka hapo kinaweza kupasuka kama kioo kikianguka sakafuni, hivyo bila kuchelewa nakirudisha kwenye joto la nyuzi 200 kwa saa mbili, mara mbili. Mambo haya lazima yawemo kwenye mchoro tangu mwanzo: matundu ya ribiti yatobolewe kabla ya kuzamisha, maana baadaye keekee haitafua dafu, na ukingo wa makali uachwe kwanza na unene wa milimita 1, la sivyo utapinda au kupasuka ndani ya mafuta.

Chuma hiki hupata kutu, na mwenye kisu hana budi kukifuta na kukipaka mafuta. Ala naishona kwa ngozi iliyotiwa dawa ya magome, nikiweka ukanda wa ngozi kati ya pande mbili kwenye mshono ili makali yasikate uzi. Ikikauka nakitia kisu, naigeuza chini juu na kuitikisa kwa nguvu. Kisu kikichomoka, nailowesha ngozi upya na kuikandamiza ishike umbo la mpini, kisha naijaribu tena kabla sijamkabidhi mtu yeyote.